Mtawa, Ngoma na Gitaa: Habari ya Santuri Mbili

Atokaye Lilongwe kuelekea kaskazini hufika Dzaleka, wilayani Dowa, baada ya mwendo wa kama kilomita 45. Zamani za Rais Banda pale palikuwa gereza la kuogofya. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu kama 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Siku ya Jumapili kwaya huimba kwa magitaa ya umeme, na hapo huzuka swali ambalo sisi walimu twalisikia mara kwa mara: je, yafaa mtu wa dini kushika ala za vilabuni?

Tungependa kulijibu kwa historia, si kwa mahubiri. Mwaka 2008 huko Italia Cesare Bonizzi, mtawa Mkapuchini aliyezaliwa 1946 na aliyewahi kuwa mmisionari Afrika ya Magharibi, alitoa santuri iitwayo Misteri. Humo hamna kinanda cha kanisani. Aliimba hevi metali, ule muziki wa magitaa yenye ngurumo ambao wengi huuhesabu kuwa wa shetani, na mwaka huo huo alipanda jukwaani kwenye tamasha la Gods of Metal, mjini Bologna, amevaa kanzu yake ya kitawa. Aliitwa Fratello Metallo, yaani Ndugu Chuma. Mwaka uliofuata aliacha.

Magazeti ya Ulaya yalistaajabu. Sisi hatuna sababu ya kustaajabu, maana jambo kama hilo lilikwisha kutendeka miaka 50 kabla yake, tena katika nchi walikotoka wengi wa wakazi wa Dzaleka. Huko Kamina, Katanga, mtawa Mfransisko kutoka Ubelgiji, Padre Guido Haazen, aliunda kwaya ya wavulana na walimu wao. Machi 1958 kwaya hiyo iliimba misa ya Kilatini kwa ngoma na sauti za Kiluba. Kyrie ilifuata kasala, wimbo wa maombolezo. Sanctus ilifuata wimbo wa kuagana. Ikumbukwe kwamba ngoma wakati ule ilikuwa na sifa mbaya ile ile waliyonayo leo wapiga hevi metali: misheni nyingi ziliipiga marufuku. Ruhusa ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani ilikuja Desemba 1963 tu. Santuri ya Missa Luba ilienea duniani, na Sanctus yake ikatumiwa katika filamu ya Kiingereza iitwayo if.... ya mwaka 1968.

Lakini hapa ndipo panapotukera. Misa ile haikuandikwa kwa nota mezani kwa padre. Waimbaji waliitunga papo kwa papo, kwa pamoja. Hata hivyo kwaya ilibeba jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, na sifa zikamwendea Haazen. Joachim Ngoi, aliyeongoza kwa sauti ya tena, alikuwa mwalimu wa shule kama sisi. Ni wangapi kati yetu waliopata kulisikia jina lake?

Dzaleka mambo yamekwenda vingine kidogo. Tamasha la Tumaini lilianzishwa 2014 na Menes la Plume, mshairi Mkongo aliyekuwa mkimbizi papo hapo, na wenyeji wa Lilongwe huja kambini kusikiliza. Kwa waimbaji kwenda mjini ni jambo jingine: mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi mijini warudi kambini. Wimbo huweza kufika Lilongwe bila mwenyewe, na wimbo ufikao peke yake ni rahisi kupewa baba mwingine.

Kwa hiyo twawaomba walimu wanaonasa nyimbo za kwaya kwa ajili ya masomo ya fasihi simulizi waandike, kabla ya maneno ya wimbo, jina la mtunzi, mahali alikotoka, na mwaka. Gitaa laweza kungoja.