Kabla ya Kusafisha Data, Tusome Dodoso

Anayetumia data za kaya zilizokusanywa kwa miaka mingi hakawii kukutana na tarakimu zisizopatana. Mtu aliyeandikwa mwanamume katika awamu ya kwanza anaonekana mwanamke katika ya pili, au umri wake umepungua miaka mitatu. Desturi iliyozoeleka miongoni mwetu ni kuzifuta safu za namna hiyo, au kukata asilimia moja ya juu na ya chini, kisha kuendelea na uchambuzi. Desturi hii naipinga. Maswali mengi ya data hujibiwa na dodoso, mwongozo wa wadadisi na historia ya utafiti wenyewe, na hapo ndipo pa kuanzia.

Mkoa wa Kagera unatupa mfano ulio wazi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji kaya 915 za huko, hasa kwa nia ya kuelewa athari za vifo vya watu wazima wakati UKIMWI ulipopamba moto. Mwaka 2004 wadadisi walirudi kumtafuta kila aliyewahi kuorodheshwa, awe ameolewa Mwanza, amehamia Dar es Salaam au amevuka mpaka kuingia Uganda. Kaya zile zikawa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Sasa mchambuzi anayeunganisha mafaili mawili kwa namba ya kaya peke yake atakuta kaya moja ya zamani inalingana na tatu au nne mpya. Akidhani ni kosa la uingizaji, atabakiza moja, na kwa kawaida itakuwa ile iliyobaki kijijini. Hapo ameharibu utafiti mzima. Beegle, De Weerdt na Dercon, waliomfuata mtu mmoja mmoja badala ya kaya, walionyesha kwamba kuhama kuliongeza pointi za asilimia 36 nzima katika ukuaji wa matumizi ya waliohama. Matokeo hayo yanakaa ndani ya safu zile zile ambazo msafishaji mwenye haraka angezitupa.

Mipaka ya utawala nayo hubadilika. Wilaya ya Chato, iliyokuwa Kagera, iliingizwa katika mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Mtafiti anayepima uhamaji kwa kulinganisha mikoa ya kabla na baada ya mwaka huo anaweza kuwahesabu kuwa wahamiaji watu ambao hawajahamisha hata kitanda.

Suala la matumizi ni zito zaidi. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2007 uliziachia kaya daftari la kujaza kwa siku 28. Utafiti wa kitaifa wa kufuatilia kaya, ulioanza mwaka 2008 kwa kaya 3,265, uliwauliza watu wakumbuke walichokula siku saba zilizopita. Ukiziweka tarakimu za tafiti hizi mbili kwenye mchoro mmoja, utaona mabadiliko ya maisha mahali ambapo kilichobadilika ni swali. Jaribio lililofanyika Tanzania kwa takriban kaya 4,000, zilizogawiwa kwa bahati nasibu aina nane za maswali ya matumizi, lilithibitisha kwamba namna ya kuuliza hubadilisha jibu, na kwamba daftari la kaya nzima hupunguza matumizi yanayoripotiwa, hasa katika kaya zisizojua kusoma.

Hata kosa la kweli lina alama zake. Chukua kaya inayoonekana kula kilo 500 za sukari kwa wiki. Katika dodoso la utafiti huo wa kitaifa wa kufuatilia kaya, kilo ni namba 1 na gramu ni namba 2. Gawanya fedha zilizotumika kwa kiasi kilichoandikwa, linganisha bei hiyo na ya majirani katika eneo lile lile la kuhesabia. Ikikaribiana na bei yao pale tu unaposoma gramu, mdadisi alikosea kipimo. Safu inabaki, thamani ya awali inahifadhiwa pembeni, na sababu inaandikwa.

Wapo watakaosema kwamba kurekebisha kwa mkono kunampa mtafiti nafasi ya kupindisha data zifuate dhana yake, na kwamba kanuni moja ya kukata ncha angalau haina upendeleo. Hoja hii ina nguvu. Ndiyo maana marekebisho yaamuliwe kabla ya kuangalia matokeo, na majarida yetu yadai faili la maamuzi: safu ngapi zimeguswa, kwa ushahidi gani, na matokeo yanakuwaje zisipoguswa. Lakini kanuni ya kukata ncha nayo huchagua upande. Huondoa tajiri wa kweli na maskini wa kweli pamoja na kosa la mdadisi, kisha haimwambii msomaji yupi ni yupi.

Kuna maswali ambayo mtafiti hawezi kuyamaliza mezani. Majina yameondolewa katika data za umma, na nukta za ramani zimesogezwa kwa makusudi ili kuficha utambulisho wa watu, jambo la haki kabisa. Kujua kama mwanamume wa awamu ya kwanza ndiye mwanamke wa awamu ya pili kunahitaji mwenye dodoso la awali, ambaye kwa utafiti wa kitaifa wa kufuatilia kaya ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Swali lipelekwe huko likitaja awamu, namba ya kaya, namba ya mwanakaya na safu inayotatiza. Na jibu likipatikana liingizwe katika toleo linalofuata la data pamoja na maelezo yake, kwa sababu likiishia katika barua pepe za mtafiti mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili atakayefungua faili lile mwaka ujao atakutana na safu ile ile na kuifuta.