Picha ya Mzee Aliyekwenda Vitani

Aghalabu nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Dar es Salaam, ile ya vyumba sita vinavyotazamana ukumbini, ilikuwa na picha moja iliyotundikwa juu kuliko nyingine zote, ya mzee aliyekwenda vitani. Na sasa nyumba hizo zinapovunjwa kupisha maghorofa ya maduka, picha ile huteremshwa, ikafungwa ndani ya kanga pamoja na hati ya kiwanja, na wajukuu wakaanza kuulizana huyu ni nani, hali wenye kujua wamekwishatangulia mbele ya haki.

Anayetaka kuifuata nasaba yake kwa picha kama hiyo na aanze na mgongo wake kabla ya uso. Nyuma ndiko uliko muhuri wa mpiga picha, tarehe ya penseli iliyofifia, na pengine mstari mmoja wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambao vijana wetu, kwa masikitiko yangu, hudhani ni aya, wakaubusu na kuurudisha kabatini bila kuusoma. Kisha ageuze, atazame kofia: tarbushi iliyovishwa kitambaa cha kaki ni ya askari wa Mdachi, yaani Mjerumani; kofia pana yenye ukingo uliopindwa upande mmoja aghalabu ni ya askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, waliopelekwa Burma katika vita vya pili vya dunia.

Lakini babu aliyekuwa mpagazi hakuvaa kofia ya kumtambulisha. Katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, jengo la soko la Wadachi waliligeuza kambi ya Carrier Corps, jeshi la wapagazi, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo Kariakoo. Kwa kuwa mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, unga na risasi vilipita porini juu ya vichwa vya watu. Na watu hao waliangamizwa na njaa, kuhara na homa kuliko walivyouawa na adui. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Picha za askari na wapagazi wa vita hivyo zipo. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na duka la picha Dar es Salaam kabla ya vita, alipiga nyingi, na leo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Ila maelezo yake hutaja kikosi na mahali, mara chache mno jina la Mwafrika. Sura ziko, wenyewe hawajulikani.

Ukoo wa Sykes wa Dar es Salaam ulisalimika na msiba huo kwa sababu Kleist Sykes, aliyezaliwa 1894 na kupigana upande wa Wajerumani, aliandika habari zake mwenyewe, na mjukuu wake Daisy akazifanyia makala iliyochapishwa 1973. Wanawe Abdulwahid na Ally wakaenda Burma chini ya bendera ya Mwingereza, adui wa jana wa baba yao; kisha Abdulwahid akarejea akawa msimamizi wa soko la Kariakoo, mahali palepale walipopiga kambi wapagazi wa upande uliopigana na baba yake.

Kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, jijini Dar es Salaam, Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inaelekeza bunduki yake bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Mjukuu wa Kariakoo anayetaka kumwona babu yake mpagazi katika shaba na apande basi hadi Nairobi, ambako katika sanamu tatu za barabara ya Kenyatta mmoja wao ni mchukuzi.