Maili Kumi, Sentimita 37

Chukua ramani ya Mombasa ya 1:50,000 na rula. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuwa mwambao wa Sultani wa Zanzibar uingie bara maili 10 za baharini, kuanzia pale maji yanapofika yakijaa. Hizo ni kilomita 18.5, kwa rula yangu, sentimita 37. Likoni, Kisauni, Changamwe, zote zimo. (Ukipima kwa maili za nchi kavu unapata 32 tu!)

Ndani ya mstari huo, sheria ya 1908 ilitaka mwenye ardhi ajitokeze kuidai. Isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Mwambao ulipoingia Kenya mwaka 1963, hati zilizokwisha kusajiliwa ziliahidiwa kuheshimiwa. Ndiyo maana Likoni utamkuta mtu babu yake kazikwa hapo hapo, na bado anaitwa skwota.