Galatoni, Si Gitaa Kavu

Wasanifu wa istilahi wameanza tena. Muziki ule wa gitaa la mbao lisilo na umeme, sauti ya chini na kisa kinachoimbwa bila haraka, sasa tunatakiwa tuuite "muziki wa kijadi wa kiakustika", istilahi ambayo kuitamka tu ni ubeti mzima. Wenye huruma zaidi wanatupa "gitaa kavu". Hili lina wenyewe, sikatai: Kifaransa kinaliita hivyo hivyo, na Kongo ikalipokea. Lakini kavu, katika Kiswahili, mara nyingi hutaja upungufu. Chai kavu haina kitafunio. Sauti kavu inakwaruza. Mkavu wa macho hana haya. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, alipopiga "Masanga" mbele ya mitambo ya mrekodi wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikifuma melodia juu yake, kilipungua nini? George Mukabi, huko magharibi mwa Kenya, alipiga mtindo wake wa gitaa, omutibo, huku chupa ya soda ikigongwa pembeni, na hadi leo msikilizaji anahisi mpigaji ameketi naye benchi moja. Ukaribu huo ndio unaowavuta watu, na kuuita ukavu ni kutousikia.

Neno tunalo, nalo ni galatoni. Gallotone ilikuwa lebo ya santuri ya Afrika Kusini, na magitaa yenye jina hilo yalitengenezwa Durban. Moja lilifika Liverpool mikononi mwa kijana John Lennon mwaka 1957. Mengine yalipanda huku kwetu, na wapigaji wakalilainisha jina bila kungoja kikao: o ikawa a, irabu ikakaa mwishoni. Wako wanaolalamika kwamba ni jina la biashara. Basi na wafue bila omo, wang'arishe viatu bila kiwi. Wengine wanasema galatoni ni chombo, haiwezi kuwa aina ya muziki. Ngoma je? Ni chombo, ni uchezaji, ni shughuli nzima, na hakuna aliyewahi kupotea njia. Wazulu wa Durban walichukua neno la Kiafrikaans la mwanamuziki, wakalifanya maskandi, na muziki wao wa gitaa haukupungua uzulu.

Matumizi ni mepesi: galatoni, magalatoni, mpiga galatoni, muziki wa galatoni. Waliokwisha kuchapa "kiakustika" wasubiri toleo la pili.