Asili na Maana ya Neno Ratiba: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Tunduma, Mkoa wa Songwe

Neno ratiba husikika kila siku katika stendi, shule na ofisi za Tunduma. Wengi hulichukulia kuwa ni neno la saa. Historia yake inaonesha kuwa kiini chake ni mpangilio. Saa ni nyongeza.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, katika mzizi r-t-b wenye dhana ya kuthibiti na kukaa mahali pake. Mzizi huohuo umekipa Kiswahili maneno ratibu, mratibu, martaba na taratibu. Katika Kiarabu, ratib ni jambo la kudumu lisilobadilika. Ndiyo maana leo neno hilo hutaja pia mshahara. Katika upwa wa Afrika Mashariki, Waislamu husoma Ratib ya al-Haddad, uradi wa Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramauti (1634–1720). Uradi huo hutambulishwa na mfuatano wake na mazoea ya kuurudia, wala si kwa dakika zake. Neno taratibu nalo linathibitisha hoja hiyo: lina maana ya mpangilio na pia ya polepole, kwa kuwa afuataye hatua hana pupa.

Dhana ya mfuatano si ngeni kwa wakulima wa Mbozi na Momba. Mvua za Novemba hadi Aprili huamua lini shamba litayarishwe, lipandwe na lipaliliwe, na mavuno hufuata. Hapo kila kazi huitangulia nyingine bila kuhitaji saa ya ukutani.

Hali ni tofauti kwa reli ya TAZARA. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Treni haiwezi kuendeshwa bila ratiba yenye saa, nayo huvuka mpaka kati ya Tunduma na Nakonde, ambako saa hubadilika. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich. Zambia iko saa mbili mbele. Aidha, Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, hivyo saa mbili asubuhi ya Tunduma ni 2:00 kwa msemaji, 8:00 kwa saa ya mkononi, na 7:00 ng'ambo ya mpaka.

Athari zake si za kinadharia. Mfanyabiashara akiambiwa kuwa lori litaondoka saa mbili, naye akafuata saa ya Nakonde, atafika Tunduma saa tatu na kukuta mzigo umekwenda. Kituo cha pamoja cha huduma mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kiliunganisha ukaguzi wa nchi mbili. Hakikuunganisha saa zao.

Hivyo basi, ratiba inayotaja saa pekee haijitoshelezi mpakani. Ni lazima ieleze saa hiyo ni ya upande gani, na jambo lipi hutangulia lipi. Lori litakaloondoka "baada ya mizigo kukaguliwa" lina ratiba ileile Tunduma na Nakonde. Maana kongwe ya neno, yaani mfuatano uliothibiti, ndiyo inayovuka mpaka bila kupoteza saa moja.