Mathare: Kosa Lilitangulia Nyumba

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unaishi Mathare, uone vile atashika simu yake. Sifa hiyo imewazidi umri wazazi wetu, na haikuanza na majambazi. Ilianza na sheria.

Nairobi ya mkoloni haikumjengea Mwafrika. Alitakiwa aje kama kibarua, alale kwa chumba cha wanaume watupu, kisha arudi kwao. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ukishikwa bila hicho, wewe ni mhalifu. Hujaiba, hujapiga mtu. Mama aliyepika busaa ili alipe kodi ya nyumba alikuwa mhalifu pia, kwa sababu wakuu wa mji walitaka kuuza pombe wao peke yao, kwenye kilabu chao kule Pumwani.

Waliokosa pa kulala waliteremka bondeni, penye machimbo ya mawe kando ya Mto Mathare, wakajijengea. Mau Mau walipata wafuasi wengi huko. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi wa Uingereza waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambi kama Manyani. Katika miaka hiyo ya Hali ya Hatari, vibanda vya Mathare vilibomolewa.

1963 bendera ikabadilika. Watu waliotoka kambini bila shamba walirudi bonde lile lile, na wengine wengi wakawafuata. Kanjo nao wakaendelea kuja kubomoa. Chang'aa iliendelea kuwapeleka kina mama jela, hata baada ya sheria mpya ya 2010 kuihalalisha kwa wenye leseni tu.

Sisemi Mathare haina wezi. Wapo, na wanaoumia kwanza ni majirani zao. Mwaka huo huo wa 2010, Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu wanawake wa vitongoji vya Nairobi, Mathare ikiwemo. Wengi waliogopa kwenda choo usiku, kwa kuwa choo kiko mbali na njia ni giza. Kwa hivyo, ukihesabu vyoo na taa za mtaa, tayari unahesabu uhalifu.

Serikali haiko mbali. Mtaa umebanwa katikati ya Juja Road na Thika Road, na kambi ya jeshi la anga ya Moi iko hapo Eastleigh. Karao hawajawahi kukosekana. Mathare Social Justice Centre ilipotoa ripoti yake ya 2017, ilihusu vijana waliouawa kwa risasi za polisi. Mtaa ambao maji hununuliwa kwa mtungi, risasi huletewa bure.

Aprili 2024 mto ulifurika, ukabeba watu na nyumba. Mei, tingatinga za gava zikaja kubomoa zilizobaki ukingoni. Ilikuwa miaka 70 na wiki chache tangu Anvil. Safari hii hakuna aliyeitwa Mau Mau. Waliambiwa wamejenga kando ya mto. Waliahidiwa shilingi 10,000 kila familia. Nyumba ya kuhamia hawakuonyeshwa.