Jinsi ya kuzuia hitilafu moja kuzima tovuti nzima

HAKUNA seva isiyoharibika. Diski huchakaa, umeme hukatika na hata wahandisi stadi hukosea. Kwa sababu hiyo, tovuti inayotegemewa na mamilioni ya watu haijengwi kwa kutafuta mashine isiyokufa, bali kwa kuhakikisha kuwa moja ikifa, huduma inaendelea.

Kanuni ya kwanza ni kuwa na akiba ya kila kitu. Seva inayofanya kazi asilimia 99 ya muda huwa imezimika takriban siku tatu na nusu kwa mwaka. Zikiwa mbili, kila moja ikiweza kubeba mzigo wote na hitilafu zao zikiwa hazihusiani, muda huo hupungua hadi dakika 53 hivi.

Seva hizo huwekwa nyuma ya mtambo unaogawanya maombi ya watumiaji. Mtambo huo huikagua kila seva baada ya sekunde chache, na isiyojibu huondolewa katika zamu. Hata hivyo, mtambo wenyewe sharti uwe na mwenzake, la sivyo udhaifu utakuwa umehamishwa tu.

Kibarua kigumu zaidi ni hifadhidata. Nakala ya pili ikiandikwa kabla ya mtumiaji kujibiwa, rekodi huwa salama lakini huduma hupungua kasi. Ikiandikwa baadaye, kasi huongezeka ila rekodi za sekunde za mwisho zaweza kupotea. Kwa malipo, njia ya kwanza ndiyo bora. Kwa maoni ya wasomaji, ya pili hutosha.

Aidha, nakala zisikae pahali pamoja. Mnamo Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data kabisa kwa kuwa nakala zao zilikuwa katika kituo hicho hicho.

Wingi wa mashine pekee hautoshi. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea hewani kwa takriban saa sita. Seva zilikuwa nzima. Amri moja iliyotolewa wakati wa ukarabati ilikata mawasiliano kati ya vituo vyote, na vifaa ambavyo wahandisi wangetumia kurekebisha kosa vilitegemea mtandao huo huo. Ndiyo maana mabadiliko hufaa kuanzia kwa seva chache kabla ya kuenezwa, na mlango wa dharura usitegemee mfumo unaookolewa.

Hatimaye, akiba isiyojaribiwa haiaminiki. Netflix, ambayo hifadhidata yake iliharibika mwaka wa 2008 na kukwamisha usafirishaji wa DVD kwa siku tatu, baadaye iliunda programu iitwayo Chaos Monkey. Kazi yake ni kuzima seva kiholela saa za kazi, wahandisi wakiwa macho, ili udhaifu ugunduliwe mchana badala ya usiku wa manane.